Vijana Wakubwa Ambao Kusoma Kumewashinda

Maneno yaliyosemwa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Kisii na Nyamira



Wapendwa wenyekiti, waandishi na waweka hazina, akina mama, wazee na vijana mliotoka Marani, Suneka, Ogembo, Manga, Keroka na Ekerenyo, karibuni. Wengine mmeacha chai haijachumwa, tunajua, kwa hivyo hatutawakawiza. Mkutano uliopita tulizungumza juu ya ng'ombe wa maziwa. Leo pia tunaanza na ng'ombe, lakini tutaishia mahali pengine.

Mwaka juzi mama mmoja mjane wa kikundi kimojawapo alikuwa na ng'ombe wa gredi, mmoja tu, aliyempata kwa mzunguko wa kikundi baada ya kungoja zamu yake muda mrefu. Akanunua dawa ya kupe. Ile chupa ilikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, na yeye shule aliiacha darasa la pili. Basi akamwita mjukuu wake wa kidato cha pili, akamwambia, "Nisomee hapa." Kijana akaishika chupa, akaitazama kidogo, akasema, "Ni vifuniko viwili kwa mtungi." Alisema kwa sauti ya mtu anayejua. Magokoro akachanganya, akanyunyiza. Jioni ng'ombe akaanza kutoa mate na kutetemeka. Daktari wa mifugo alipofika alimkuta amelala chini, na usiku huo akafa.

Tulipokwenda kutoa pole ndipo kijana alituambia ukweli, tena si mbele ya watu, bali nyuma ya jiko. Hakusoma. Aliona tarakimu 2 kwenye kibandiko, akabahatisha. Alikuwa katika mwaka wake wa kumi shuleni, na sentensi moja ya ile chupa ilimshinda. Tukamuuliza mbona hakusema hajui. Akajibu, "Ningemwambia nini, na yeye ndiye anauza ndizi anilipie karo?"

Tangu siku hiyo sisi wa ofisi ya huduma za jamii hatujaweza tena kusema eti kusoma ni mambo ya walimu.

WALIFIKAJE HUKO

Kuna watu husema vijana wa siku hizi ni wavivu, ni simu tu. Simu ina makosa yake, lakini haikuanza hapo. Wacha tuangalie njia waliyopitia.

Mtoto wetu wa kijijini huanza shule akijua Ekegusii peke yake. Tangu ripoti ya kamati ya elimu ya mwaka 1976, mpango umekuwa kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali pale, na kuanzia darasa la nne masomo yawe kwa Kiingereza. Mpango ni mzuri kwenye karatasi. Lakini mtoto ambaye kufikia darasa la tatu hajashika kusoma kwa lugha yoyote, anaamka asubuhi moja yuko darasa la nne, na sayansi, historia na hata dini vimeandikwa kwa lugha asiyoijua kwa herufi asizozijua. Kuanzia hapo mwalimu hafundishi tena kusoma. Anafundisha vitu vilivyoandikwa kwenye kitabu, na anadhani kusoma kulikwisha kufundishwa kule chini. Kule chini nao wanadhani atamalizia kule juu.

Halafu mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila karo. Tulishukuru Mungu, na bado tunashukuru, maana wako waliofunguliwa mlango siku ile. Lakini madarasa yalifurika, na mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kusikiliza kila mmoja akisoma. Mtoto mjanja akajifunza kuitikia na wenzake kwa sauti kubwa, akakariri hadithi nzima kwa kusikia, akageuza ukurasa wakati wengine wanapogeuza. Ukimtazama utaapa kwamba anasoma. Mwaka 2015 Serikali ilileta mpango wa Tusome, ukawasaidia wadogo wa madarasa ya chini kwa vitabu vya Kiswahili na Kiingereza. Waliokuwa wameshapita madarasa hayo haukuwakuta. Mwaka 2018 ikaamuliwa kila aliyefanya mtihani wa darasa la nane aingie kidato cha kwanza, hata mwenye alama chache sana. Mwaka 2020 korona ikafunga shule kuanzia Machi, na wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Miezi hiyo yote wa kwetu walikuwa kwenye chai na kwenye bodaboda. Mtihani wa darasa la nane wenyewe ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na sasa watoto wanapita gredi ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa. Majina yamebadilika. Mtoto asiyesoma anapita vilevile.

Uwezo, ambao kwa miaka walituma watu nyumba kwa nyumba Kenya, Tanzania na Uganda, waliwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili waisome. Walikuta watoto wa darasa la saba na la nane ambao hadithi hiyo iliwashinda. Kwa hivyo si Kisii na Nyamira peke yake, na si laana ya ukoo wa mtu.

KUSOMA POLEPOLE NI MZIGO

Wengi wa vijana hawa wanazijua herufi. Shida yao ni mwendo. Fikiria mama anayebeba maji kwa kikombe kutoka mtoni, kikombe kimoja kimoja, na mtungi una tundu. Kijana anayetamka neno silabi kwa silabi, akifika mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo wake. Ukimuuliza imesema nini, hajui, ingawa kila neno alilitamka. Hapo tunamwita mjinga. Si mjinga, akili yake yote imetumika kupambana na herufi, hakuna iliyobaki ya kuelewa.

Dawa ya hiyo ni kurudia. Ukurasa uleule, leo, kesho, kesho kutwa, mpaka maneno yaje yenyewe bila kutafutwa. Si kazi ya akili nyingi, ni kama kujifunza kuchuma chai: siku ya kwanza unatafuta majani mawili na chipukizi kwa macho, baada ya msimu vidole vinakwenda peke yao huku unapiga hadithi na jirani.

Na jambo jingine hapa. Katika Ekegusii hatuna f wala v, na l yetu ni r. Kijana akisoma "fagio" likatoka kama "bagio", amesoma. Msimcheke. Lafudhi si kutojua kusoma, na wako maaskofu na maprofesa wenye lafudhi yetu hii hii.

TULIVYOSHINDWA MARA YA KWANZA

Baada ya mambo ya yule ng'ombe tulianzisha darasa. Tunawaambia hili ili msirudie makosa yetu, maana yalikuwa mengi na yote tuliyafanya kwa nia njema.

Kwanza tulilitangaza kanisani baada ya Misa: "Vijana wote ambao hawajui kusoma wafike ukumbini." Mnaona wenyewe. Nani angeinuka? Pili, tulinunua vitabu vya hadithi vya watoto wadogo, vyenye picha za vifaranga na mpira mwekundu, tukampa kijana wa miaka kumi na saba mwenye sauti nzito. Tatu, tulichagua Jumamosi. Hapa kwetu nusu ya kijiji ni Waadventista, na Jumamosi ni Sabato yao. Jirani anayehitaji msaada tulimfungia mlango bila kujua, sisi tuliozaliwa hapahapa! Jumamosi ya kwanza walikuja wachache. Ya pili wakapungua. Ya tatu alikuja mmoja, na huyo alikuja kuchukua sweta aliyoisahau.

Mzee mmoja katekista ndiye aliyetufungua macho. Akatuuliza, "Huyu mnayemfundisha ni omoisia au ni omomura?" Tukanyamaza. Sisi Abagusii tunajua kwamba mvulana akishatoka jandoni si omoisia tena. Ana heshima yake. Halali tena karibu na mama yake, hasemwi ovyo mbele ya baba yake, na baba naye ana mipaka yake kwa mwana. Hiyo ndiyo chinsoni. Kumsimamisha kijana kama huyo mbele ya mama yake na kumwambia atamke "ba be bi bo bu" ni kumvua nguo. Na msichana mkubwa ni hivyo hivyo, hasa yule aliyerudi shuleni baada ya kuzaa. Yeye amekwisha kuchekwa vya kutosha.

Lakini mila iyo hiyo iliyofunga mlango ina mlango mwingine. Magokoro na sokoro hawana chinsoni na wajukuu. Wanataniana, wanaambiana mambo ambayo mama haambiwi. Basi msikilizaji wa kijana ni nani? Ni bibi yake. Hata kama bibi hajui herufi moja, anaweza kukaa na kusikiliza robo saa kila jioni, na anaweza kuuliza, "Kisha ikawaje?" Kijana anapojibu kwa Ekegusii kile alichosoma kwa Kiswahili au Kiingereza, hapo ndipo tunajua ameelewa. Wengi wetu tulivaa diski shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama, kwa hivyo tuna woga. Tuache woga huo. Kueleza kitabu kwa lugha ya nyumbani si kosa.

TUNAVYOFANYA SASA

Tumeanza upya Jumapili saa tisa mchana, baada ya chakula, na tumeliita kikundi cha vijana tu. Hakuna neno "wasiojua" popote. Wanaosoma vizuri wamo pia, na ni wa lazima, tutaona kwa nini.

Kwanza kila mmoja anasoma peke yake na mtu mmoja, pembeni, mahali ambapo wengine hawasikii. Tuna karatasi yenye sehemu nne: herufi, maneno mafupi, aya fupi, na hadithi ya ukurasa mmoja. Anaanzia kwenye aya. Akiiweza anapanda, ikimshinda anashuka bila kelele. Dakika tano zinatosha. Kisha tunawapanga kwa pale walipofika, si kwa kidato. Huko India kuna shirika linaloitwa Pratham, lililoanza Mumbai mwaka 1994, ambalo limewafundisha watoto wengi sana kwa njia hii ya kuwapanga kwa uwezo wa kusoma na kuuacha umri na darasa, na sasa njia hiyo imefika nchi nyingi za Afrika. Haina mashine. Inataka mtu awe mnyenyekevu kiasi cha kuanza pale mtoto alipo, si pale kitabu kinaposema angekuwa.

Tunaanza na Kiswahili, hata kama mtihani mwingi ni wa Kiingereza. Katika Kiswahili herufi haikudanganyi, a ni a asubuhi na jioni. Kiingereza ni kigeugeu: "though" na "enough" zinaisha kwa herufi zilezile na hazifanani kabisa kwa sauti. Kijana akishapata mwendo katika Kiswahili, anapokwenda kwenye Kiingereza hachukui woga, anachukua mwendo.

Maneno marefu tunayakata. "Hawakutusaidia" ukiliona zima linatisha. Funika kwa kidole, fungua kidogo kidogo: ha-wa-ku-tu-saidia. Kumbe ndani mlikuwa na "saidia" tu, na hilo analijua tangu utotoni. Kijana mkubwa hufurahia kazi hii kuliko mtoto mdogo kwa sababu lugha anayo tayari kinywani, anachokosa ni kuiona kwenye karatasi. Tumeona mmoja akicheka peke yake alipogundua kwamba "wasiojiweza" ni maneno anayoyasema kila siku.

Halafu ni kusoma wawili wawili. Mwenye nguvu anasoma aya kwanza, mwenzake anafuata kwa macho na kidole. Wanasoma pamoja kwa sauti moja. Kisha yule dhaifu anasoma peke yake. Akikwama, mwenzake anahesabu moyoni mpaka tano kabla ya kumsaidia, na akimsaidia anamwambia neno, hamkemei. Aya hiyo hiyo wanairudia juma zima. Wenye nguvu hatuwaiti walimu. Tunawaita wenza.

Je, wanasoma nini? Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Msikimbilie kununua. Taifa Leo la wiki iliyopita dukani ni karibu bure, na kurasa za michezo zimefundisha kusoma wavulana wengi kuliko sisi. Pakiti ya mbegu za mahindi. Kadi ya kliniki. Risiti ya chai, yenye kilo na makato. Kibandiko cha dawa ya kupe, ndiyo, hicho hasa. Biblia ya Kiswahili, na ya Ekegusii kwa wanaotaka. Katekista wetu sasa hutoa somo la Jumapili kwa msomaji siku ya Jumatatu, si asubuhi ya Misa, ili kijana ambaye mwendo wake ni mdogo apate siku sita za kulirudia na asimame mbele ya watu kama wengine. Wa kwanza aliyefanya hivyo alitetemeka karatasi ikasikika kwenye kipaza sauti. Alimaliza lakini.

Kwa hadithi ndefu iko maktaba ya umma pale Kisii mjini. Mtu mmoja wa kikundi akijiandikisha, anaweza kuwaletea wengine vitabu kwa zamu. Na vitabu vya shule ulizeni, kwa heshima. Kuanzia 2018 Serikali imekuwa ikipeleka vitabu moja kwa moja shuleni, hata vya sekondari. Ziko shule ambazo vitabu hivyo hukaa kabatini na kufuli kwa kuogopa kuraruka. Mzazi aliye kwenye bodi anaweza kuuliza kufuli hilo ni la nini. Kitabu kilichoraruka kwa kusomwa kimefanya kazi yake, kile cha kabatini kinaliwa na mchwa.

Kupima kama kitabu kinamfaa ni rahisi: asome ukurasa mmoja, kila neno linalomshinda akunje kidole. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu ni kigumu mno kwa sasa. Kiwekwe, kitafutwe kingine.

Na macho. Tafadhali, kabla ya kumwita mtu mzito, mwonyesheni kalenda ya ukutani akiwa kwenye mlango. Tulikuwa na msichana wa kidato cha tatu tuliyekaa naye mwezi mzima tukikata maneno, kumbe herufi zenyewe hazioni. Tuliona aibu sana. Alipopata miwani alituacha nyuma.

MAMBO MACHACHE KWA VIKUNDI

Mtatuuliza gharama. Chaki, daftari, taa ya sola moja kwa watakaobaki mpaka jioni, na uji. Kikundi kinachogawa pesa za mzunguko kila mwezi hakitashindwa na uji. Wanaopokea bonasi ya chai wanaweza kutenga kidogo wakati huo, kabla haijaliwa na madeni. Hatutoi posho kwa wenza wala kwa wasimamizi, tuseme hilo mapema, kwa sababu kuna mahali kazi kama hii ilikufa siku posho ilipokoma.

Simamieni wenyewe. Mwandishi wa kikundi aweke daftari moja lenye majina na tarehe, na alama ya mahali kila mmoja alipofika, lifungiwe kama daftari la mikopo. Halisomwi kwenye mkutano. Mama akitaka kujua ya mwanawe aambiwe yake tu. Kila baada ya miezi mitatu tunarudia ile karatasi ya sehemu nne, na pale tunaona nani amepanda na nani amekwama. Wako waliokwama. Wawili wetu wamekaa kwenye maneno mafupi muda mrefu na hatujapata njia yao. Tumezungumza na walimu wao, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi amekubali kuja kuwaona. Ongeeni na walimu, msiwapige vita. Wengi wamechoka na wanajua tatizo hili kuliko sisi, na mwalimu mkuu akijua kikundi kinafanya nini Jumapili, atawatuma vijana kwenu bila kuwatangaza.

Karatasi za kupimia tunazo hapa, za Kiswahili na za Kiingereza. Kila kikundi kichukue moja na kuiandika upya kwa mkono, maana hatuna nyingi. Kikundi kitakachokuwa tayari kitume watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja, waje wakae nasi Jumapili mbili waone kwa macho kabla ya kuanza.

Mtataka kujua habari za yule kijana. Bado yuko shuleni. Kiswahili sasa anasoma vizuri, Kiingereza bado anakwenda nacho kwa fimbo. Kikundi kilimpa magokoro mbuzi jike kwanza, na mwaka huu zamu ya ndama imemfikia. Dawa ya kupe ikinunuliwa kijana anasoma kibandiko, halafu mwenza wake wa Jumapili anaitwa kutoka nyumba ya pili akisome tena, ndipo magokoro anafungua kifuniko.